Usichimbe choo kabla ya kupima umbali wa kisima

Ndugu yangu, umesema unajenga Utange, huku Mombasa, laini ya maji taka haijafika, na fundi amechora shimo la choo mita 12 kutoka kisimani kwa sababu ndiyo njia rahisi. Nakuomba hilo shimo ulihamishe. Ukanda wetu huu chini ni mchanga na mwamba wa matumbawe, maji hupenya kama kwenye chujio. Kisima cha mama yangu kiliharibika hivyo: baada ya masika ndoo ilipanda na povu, na maji yalinuka hata yakichemshwa. Acha angalau mita 30, na mteremko utoke kisimani kuelekea chooni, usiwe kinyume.

Kwa bei, choo cha shimo ndicho cha chini kabisa, lakini kikijaa unachimba upya. Ukiwa na choo cha kumwaga maji ndani ya nyumba, jenga tangi la septiki, yaani tangi la chini ya ardhi ambamo uchafu wa choo hutulia, la vyumba viwili, cha kwanza kikubwa zaidi, kisha shimo la kufyonza maji. Gharama kubwa ni kuvunja mwamba, kwa hivyo elewana na fundi bei ya kila mita kabla hajashika mtaimbo. Tangi lipigwe plasta ndani lisivuje, na uache njia ya gari la kunyonya uchafu kufika, maana utaliita kila miaka 3 hadi 5. Hiyo pesa iweke kwenye hesabu tangu leo.

Afisa wa afya ya umma wa kaunti aje aone kiwanja kabla hujachimba.