Fomu ya Word inayokataa kujazwa
Dadangu, hiyo fomu yako ya madrasa ambayo visanduku havikubali tiki na majina hayaandikiki usiifute tafadhali, haijaharibika, umeiloki vibaya tu. Ingia Review, bonyeza Restrict Editing, toa loki kwa paswadi yako, halafu pale ulipoacha No changes weka Filling in forms ndo uloki tena, maana vile visanduku vya kizamani vya Word (Legacy Forms) kama vyako vyafanya kazi fomu ikilokiwa hivyo peke yake. Juzi hapa saiba Mwembe Tayari mzee mmoja kaja na yake, abonyeza mausi kisanduku kilekile mpaka jasho lamtoka, tukabadilisha hapo tu ikakubali. Na wanaoipokea kwa imeli waambie kwanza wabonyeze Enable Editing kwenye ule ukanda wa manjano juu.