Kiu isiyozimwa na maji

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasomea ualimu, na mkufunzi wetu alitutajia kasida ya Kituruki inayozungumzia maji mwanzo hadi mwisho. Huyo mshairi alikuwa na kiu ya jangwani, au ni mambo ya mapenzi tu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ni Su Kasidesi, Kasida ya Maji, ya Fuzûlî, aliyeishi Iraki na kufariki mwaka 1556. Nchi yake ina mito ya Frati na Tigris, kwa hiyo maji ya kunywa hayakuwa taabu yake.

Kila ubeti wa mistari miwili unafungwa na neno su, maji, likitanguliwa na kina cha -are: odlare su, çare su, yare su. Hebu jaribu wewe kufunga beti 30 na ushei hivyo bila kumchosha msikilizaji! Anaanza kwa kulikataza jicho lake lisimwage machozi juu ya moto wa moyoni, kwani moto uliowaka kiasi hicho maji hayaufai kitu. Kisha anamwambia mtunza bustani aache kujisumbua: hata akimwagilia bustani elfu, halichanui waridi mfano wa uso wa mpenzi wake.

Ubeti ninaoupenda kupita yote ni wa gudulia. Anasema, rafiki zangu, nikifa na hamu ya kuubusu mkono wake, udongo wangu ufinyangeni gudulia, mpeni mpenzi maji kwalo. Umeona ujanja wake? Akiwa hai mkono ule hakuugusa. Akishakuwa udongo, mpenzi mwenyewe atamshika. Na aliyekufa na kiu ndiye atakayemnywesha mwenziwe.

Sasa, ni mapenzi ya nani? Nusu ya kwanza ungeapa ni ya mwanamke: uso, midomo. Mbele ndipo anapomtaja Mtume, na unagundua kumbe ni kasida ya kumsifu yeye, kama zile tunazozisikia kwenye maulidi. Hapo hata maji yenyewe yana shauku: miaka nenda miaka rudi yanatangatanga, yakijigonga kichwa jiwe hadi jiwe, ili yafikie vumbi la miguu yake. Wapo wanaotaka kuchagua upande mmoja, mapenzi au dini. Mimi naona wanaivunja kasida bure. Ubeti wa mwisho mshairi anataja kiu yake waziwazi: Siku ya Kiyama anaomba asinyimwe, anyweshwe kwenye chemchemi ya kukutana naye, kwa kuwa kiu yake ni ya kumwona.