"Ndiyo Mwalimu!" Halafu Mtihani Unawashinda

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Jiografia kidato cha pili katika sekondari ya kata huku Mbagala, Dar es Salaam. Darasa lina wanafunzi zaidi ya 80. Nikiuliza "mmeelewa?" wanaitikia kwa pamoja, "Ndiyo mwalimu!" Nikimsimamisha mmoja aeleze, anainamisha kichwa. Kwenye mtihani wananirudishia notisi zangu neno kwa neno, hata swali likiwa limegeuzwa. Nifanyeje wafikiri wenyewe? Nikiwaacha wajadiliane, mwalimu wa taaluma analalamikia kelele.
Mwalimu kijana, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza, hilo "mmeelewa?" liache kuanzia kesho. Mtoto gani atasimama mbele ya wenzake 80 aseme hajaelewa?

Chukua mada ya mafuriko. Ukisema "taja sababu tatu", utapewa notisi. Badala yake waulize: mvua kubwa imenyesha Pugu, Jangwani hakuna hata manyunyu, mbona barabara ya Jangwani imejaa maji? Wengi wamewahi kukwama pale. Wataanza kuufuatilia Mto Msimbazi wenyewe, kuanzia vilima vya Pugu, kupitia Vingunguti, hadi baharini karibu na Daraja la Salenda, na watakutajia takataka na nyumba za mabondeni kabla hujazitaja wewe.

Ukishauliza, nyamaza. Hapo ndipo walimu wengi tunaposhindwa. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima jambo hili miaka ya 1970: walimu wengi walisubiri kama sekunde 1 tu, kisha wakarukia kwa mwanafunzi mwingine au wakajibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na waliozoea kukaa kimya wakaanza kunyoosha mikono. Hesabu kimoyomoyo, usiwaangalie wale wawili watatu wa dawati la mbele.

Jibu likija, hata likiwa sahihi kabisa, usikimbilie kusema "vizuri, mpigieni makofi". Uliza: kwa nini unasema hivyo? Mwingine aseme anakubali au anapinga, na sababu yake. Ukihoji majibu yenye makosa tu, watajua kwamba kuhojiwa maana yake umekosea, nao watafunga midomo.

Halafu kuna lugha. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili mara nyingi wazo analo, maneno ndiyo hana. Waache wanadawati wanong'one dakika 2 kwa Kiswahili, kisha mmoja aliseme kwa Kiingereza, hata cha kubabaisha. Sarufi utaisahihisha baadaye.

Kuhusu mwalimu wa taaluma, mweleze mapema, na umkaribishe aketi nyuma asikilize. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alitaka shule zijenge akili ya kudadisi. Mwonyeshe andalio lako la somo, dakika 2 za majadiliano ukiwa umeziandika humo, kisha mtazame pamoja majibu ya jaribio litakalofuata.