Mama Mhasibu Anajibu: Kitabu cha biashara kinamsaidia nini aliye kazini?

*Shikamoo mama. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali binafsi hapa Mbeya. Tangu Januari nimepewa usimamizi wa maabara. Kupima damu sina wasiwasi nako, lakini sasa natakiwa niandae bajeti, niagize vitendanishi (kemikali na vifaa vya kupimia) na nisimamie wenzangu ambao juzi tu tulikuwa sawa. Vitendanishi vimeshatuishia huku wagonjwa wako kwenye foleni. Nimeona dukani vitabu vya mwongozo wa biashara, kimoja kinauzwa shilingi 65,000. Mume wangu, ambaye ana gereji, anasema uzoefu ndio mwalimu, na kwamba vitabu hivyo vinawatajirisha waliovitunga tu. Ninunue au niache?*
*Msimamizi wa maabara, Mbeya*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa cheo, na pole kwa mzigo uliokuja nacho. Nunua, ila kwanza tuhakikishe unanunua kitabu kinachokufaa.

Mumeo ana haki ya kuuheshimu uzoefu. Ninachotaka umwambie ni kwamba kitabu bora cha kazi ni uzoefu wa watu wengine ulioandikwa. Mwaka 1494 mtawa wa Kifransisko, Luca Pacioli, alichapisha mjini Venice kitabu kikubwa cha hisabati, na ndani yake akaweka sehemu ya kuwaelekeza wafanyabiashara namna ya kutunza hesabu za pande mbili. Njia hiyo hakuibuni yeye. Wafanyabiashara wa Venice walikuwa wanaitumia tangu zamani, yeye akaipanga hatua kwa hatua. Anza kwa kuorodhesha mali yako yote, kisha shika vitabu vitatu: cha kwanza cha kuandika kila tukio linapotokea, cha pili cha kulipanga tukio hilo kwa debiti na krediti, yaani upande wa kupokea na upande wa kutoa, na cha tatu leja, daftari kuu ambamo kila hesabu ina ukurasa wake. Kama gerejini kwa mumeo anaandika deni la mteja upande mmoja na malipo yake upande wa pili, basi anatumia uzoefu wa wale wazee wa Venice, hata kama hakuwahi kusikia habari zao.

Tatizo ni kwamba dukani vitabu vya namna hii vimepangwa rafu moja na vitabu vya kuhamasisha. Sivibezi vya kuhamasisha, kuna watu vimewainua walipokuwa wamekata tamaa. Lakini wewe huna tatizo la moyo. Una jokofu la vitendanishi ambalo likiwa tupu mgonjwa anarudishwa nyumbani bila majibu. Kwa hiyo ukikishika kitabu dukani, usianze na jalada wala sifa zilizoandikwa nyuma. Fungua yaliyomo, utafute sura inayohusu jambo unalopaswa kulifanya wiki hii. Kisha fungua sura yenyewe uangalie kama kuna jedwali lililojazwa namba, na kama mwandishi ameonyesha hesabu mpaka jibu likapatikana. Ukikuta maneno matupu kurasa kumi mfululizo, kirudishe.

Nikuonyeshe ninachomaanisha. Vitabu vingi vya utunzaji wa ghala vina sura kuhusu kiwango cha kuagizia upya. Kanuni yake ni fupi: matumizi ya siku zidisha kwa siku za kusubiri mzigo, ukijumlisha akiba ya dharura. Chukua vipande vya kupimia sukari. Tuseme mnatumia 40 kwa siku, mzigo kutoka Dar es Salaam unachukua siku 10, na unataka akiba ya siku 5. Siku 10 mara 40 ni 400, siku 5 mara 40 ni 200, jumla 600. Kama boksi lina vipande 50, hayo ni maboksi 12. Maana yake ukihesabu ukakuta yamebaki maboksi 12, siku hiyohiyo oda inatoka. Usingoje yabaki matatu ndipo uanze kumpigia simu muuzaji. Kaa na wenzako, mjaze jedwali la hesabu hiyo kwa kila kitendanishi mlichonacho, mlibandike kwenye mlango wa stoo. Ukilifanya hilo peke yake, shilingi zako 65,000 zimerudi.

Sasa hapa ndipo unapohitaji akili yako mwenyewe, kwa sababu mwandishi hajui Mbeya wala maabara. Kitabu kitakwambia uchukue wastani wa siku za kusubiri. Mimi ningechukua ucheleweshaji mrefu kuliko wote uliowahi kuuona mwaka huu, maana mgonjwa hasubiri kwa wastani. Kitabu cha maduka kitakwambia kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Kwenu sheria hiyo haitoshi: kinachokaribia kuisha muda ndicho kitoke kwanza, hata kama kimeingia jana, na chupa ikishafunguliwa ina muda wake mwingine wa kuhesabu. Tena mwandishi wa maduka hafikirii jokofu. Vitendanishi vingi vinatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, kwa hiyo kiasi unachoagiza kinategemea pia nafasi ya jokofu, na utafanya nini umeme ukikatika. Hayo yote yaandike kwa penseli pembeni ya ukurasa. Kitabu changu cha ghala, nilichokitumia nikiwa mhasibu wa hospitali na baadaye kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kina penseli nyingi kuliko wino kwenye sura hiyo.

Sura ya pili ya kutafuta ni ya mtiririko wa fedha. Wataalamu wengi wanaopandishwa cheo wanaumia hapa, kwa sababu shuleni hawakufundishwa kuitofautisha faida na pesa iliyopo. Tuseme mwezi mmoja maabara imefanya vipimo vya milioni 12, na gharama ni milioni 6. Kwenye karatasi umepata faida ya milioni 6, uongozi unapiga makofi. Lakini katika zile milioni 12, milioni 8 ni madai ya bima yatakayolipwa baada ya siku 60. Kilichoingia mkononi ni milioni 4. Gharama ni zilezile 6, kwa hiyo umepungukiwa milioni 2 katika mwezi ambao ripoti inasema ulifanya vizuri. Ukiingia kwenye kikao cha bajeti na jedwali la miezi sita linaloonyesha pesa itaingia lini na itatoka lini, mhasibu wenu atakusikiliza tofauti. Nimekaa upande wa mhasibu kwenye vikao hivyo, nawajua wakuu wa idara waliokuja na jedwali na waliokuja na malalamiko.

Kuhusu kuwasimamia wenzako, utasoma mengi na mengi yanafanana. Chukua moja tu: kila mtu ajue kwa maandishi kazi ipi ni yake. Mengine utayajifunza kwao.

Na kabla ya kulipa, pita maktaba ya mkoa hapo Mbeya. Ukikikuta cha ghala au cha hesabu, soma sura mbili ukiwa na jedwali lako mkononi. Ukiona umeanza kukihitaji mezani kila siku, hapo nunua cha kwako.

*Shikamoo mama. Ni meneja wa hoteli ya vyumba 24 Arusha. Mwenye hoteli alinipa zawadi ya kitabu cha uongozi cha Kimarekani, na kwa kweli kimenisaidia. Kuna sura inayosema mfanyakazi asiyefaa aondolewe haraka, usimpe muda wa kuwaharibu wengine. Nina mtu wa mapokezi mwenye mwaka mmoja na nusu kazini, wageni wanamlalamikia. Nataka kumaliza naye mwisho wa mwezi. Mwenye hoteli anaunga mkono. Naomba ushauri.*
*Meneja, Arusha*

Marahaba. Tafadhali usifanye hivyo mwisho wa mwezi. Nimefurahi umeandika kwanza.

Huyo mwandishi anazungumza na wenzake. Karibu katika majimbo yote ya Marekani, Montana ikiwa ya pekee, mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi bila kutoa sababu, ilimradi hajavunja sheria nyingine kama ya ubaguzi. Sura hiyo imejengwa juu ya msingi huo, na mwandishi hakuona haja ya kuusema kwa sababu kwake ni jambo la kawaida. Hapa kwetu kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007. Mtu aliyefikisha miezi sita kazini analindwa dhidi ya kuachishwa isivyo halali. Lazima uwe na sababu ya haki, na lazima ufuate utaratibu wa haki. Ukiwa na sababu bila utaratibu, bado umekosea.

Kwa utendaji hafifu, utaratibu ni kutafuta kwanza kwa nini mtu anashindwa, kumpa maelekezo au mafunzo, kumwonya, na kumpa muda unaofaa wa kujirekebisha. Ikifika mwisho, anayelipwa kwa mwezi anapewa notisi isiyopungua siku 28. Ukimwondoa ghafla, ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na tume inaweza kuamuru arudishwe kazini. Hebu fikiria atakavyorudi mapokezini, na wenzake watakavyokutazama wewe.

Lakini kitabu chako usikitupe. Nina hakika kina sura ya kuweka malengo ya kazi, maana vitabu vya Wamarekani vya aina hii vina nguvu hasa hapo. Itumie kwa huyohuyo mtu. "Awe mchangamfu" si lengo, hakuna anayeweza kulipima. Andika hivi: mgeni anayefika asisubiri zaidi ya dakika 5 bila kuhudumiwa, simu ipokelewe kabla haijaita mara ya nne, orodha ya vyumba vilivyo tayari iwe mezani ifikapo saa 7 mchana, lalamiko la mgeni liandikwe kwenye daftari pamoja na hatua iliyochukuliwa. Mpe nakala, asaini, wewe usaini. Kaeni kila Ijumaa mpitie daftari hilo pamoja. Muulize pia kwa nini, na usikilize jibu. Nimeona mapokezi ambapo mtu mmoja anapokea wageni, simu na malipo kwa wakati mmoja, na kompyuta inagoma. Hapo kasoro iko kwenye meza, na ungemfukuza ungemwajiri mwingine ashindwe vilevile.

Baada ya miezi miwili au mitatu, ama atakuwa amebadilika, ama utakuwa na kumbukumbu zinazoonyesha ulimsaidia akashindwa. Na mwenye hoteli akikuharakisha, mwonyeshe ukurasa huu.

Jambo moja la kuwaambia wasomaji wote: kwenye kitabu chochote kinachogusa kodi au ajira, angalia nchi kilikoandikiwa na mwaka kilipochapishwa. Kuna vitabu vizuri vilivyotumika vinauzwa pembeni mwa barabara katikati ya jiji Dar es Salaam, bei rahisi, nami ni mteja wao. Lakini kitabu cha kodi cha Tanzania cha mwaka 2008 kitakwambia VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni asilimia 20, wakati Julai 2009 kiwango hicho kilishushwa hadi asilimia 18. Na kiwango cha mauzo kinachokulazimu kujisajili VAT kilipanda mwaka 2023 kutoka milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Jinsi ya kupanga hesabu haizeeki upesi. Viwango vya serikali vinazeeka kila Juni bajeti inaposomwa.

*Habari za kazi dada. Mimi ni fundi umeme Kahama, leseni ninayo, vijana wawili wananisaidia. Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Mnatusifia vitabu, sisi wa Kiswahili tusome nini? Shida yangu kubwa ni bei. Nikitaja kubwa kazi inakwenda kwa mwingine, nikitaja ndogo namaliza kazi mfukoni hamna kitu.*
*Fundi, Kahama*

Kazi njema kaka. Umeuliza swali linaloniuma siku nyingi. Vitabu vya kazi kwa Kiswahili ni vichache mno kulingana na watu wanaovihitaji, na ninawaomba wachapishaji wetu wanaosoma ukurasa huu walione hilo. Hata hivyo si kwamba hakuna kitu. Shirika la Kazi Duniani lina vitabu vya mafunzo ya kuanzisha na kuboresha biashara ambavyo vimetafsiriwa kwa Kiswahili. Asili yake ni mafunzo ya waajiri wa Sweden ya miaka ya 1970, na vimeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye biashara ndogo hasa, vikiwa na majedwali ya kujaza mwenyewe. Ulizia ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ya mkoa wako, maana mafunzo kwa wajasiriamali wadogo ni kazi yao tangu lilipoanzishwa mwaka 1973. TRA, mamlaka ya mapato, nao wana vipeperushi vya Kiswahili, bure.

Katika mafunzo hayo nenda moja kwa moja kwenye sura ya kukokotoa gharama. Nadhani najua pesa yako inapopotelea. Mafundi wengi wanahesabu waya, soketi, swichi na posho ya vijana, wanaongeza kidogo, wanataja bei. Hawahesabu nauli ya kwenda kupima nyumba kabla ya kazi, siku waliyorudi kurekebisha, kuchakaa kwa drili na ngazi, vocha, ada ya leseni, wala mshahara wao wenyewe. Hivyo vyote vimelipwa, ila vimelipwa na wewe.

Chukua kazi yako ya mwisho uliyoimaliza. Niandikie kila shilingi iliyotoka, hata ya maji ya kunywa, siku mlizofanya kazi na mliofanya ni wangapi, pamoja na bei uliyolipwa. Jina la mwenye nyumba usiliweke. Toleo lijalo nitazipanga hapa kwenye jedwali, mstari kwa mstari, tuone bei yako ilitakiwa ianzie wapi.