Mkuu, kabla ya rangi na bei, angalia mshono wa bega

Usinunue hayo mashati matano. Umesema ofisini kwenu wameacha mambo ya suti, unataka kuvaa kwa uhuru bila kuonekana kama umetoka kulala, na muuzaji amekwambia uchukue XL "ili mwili upumue". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi Kariakoo mwaka 2019, na mwili wangu ni M.

Nilichukua sita kwa mpigo, 35,000 kila moja. Piga hesabu: 210,000 iliyopotea siku moja. Mshono wa bega ulishuka karibu vidole vinne kwenye mkono, mikono ikafika kwenye viwiko. Nikajipa moyo kwamba ndiyo fasheni. Wiki ile ile akaja mteja ofisini. Akampita kila mtu, mimi niliyeandaa kikao nikiwemo, akaenda kumpa mkono kijana wa mafunzo kwa vitendo, akidhani ndiye mkubwa wetu. Kijana alivaa tisheti ya mtumba ya kola na kadeti. Nguo za bei ndogo kabisa, ila zilimkaa. Iliniuma sana.

Nikayapeleka kwa fundi. Ubavu, akasema, ni kazi ya dakika chache. Bega ni habari nyingine: afumue mkono, akate upya kwapa, aurudishe mkono, na kola itabaki kubwa vile vile. Nikang'ang'ania ajaribu moja. Mkono ukapinda, shati likafa. Matano yaliyobaki niligawa.

Na huo "uhuru" wa XL ni uongo, ndiyo maana yule muuzaji bado ananikera. Alijua nisichokijua, akataka tu mzigo utoke. Kwapa likishuka chini, ukiinua mkono shati zima linapanda nalo. Panda daladala ya Mbagala, shika bomba, utaona tumbo liko nje. Kwapa lililokaa juu, karibu na kwapa lako mwenyewe, mkono unainuka na shati linabaki mahali pake. Wanaodhani nguo kubwa ndiyo yenye raha hawajawahi kusimama na shati la namna hiyo kutoka Rangi Tatu mpaka Posta.

Kitambaa nacho, soma lebo ya ndani. Polyester tupu kwa joto la Dar hainyonyi jasho, inakugandia mgongoni. Tafuta pamba.

Kwa hiyo dukani vaa, simama wima, mshono uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Halafu inua mkono kama umeshika bomba. Likipanda mpaka kitovuni, rudisha, hata akupunguzie nusu bei. Likikaa begani ila ubavuni linapwaya, lichukue hata la elfu sita pale Karume, soko la mitumba, mafundi wa pembeni watakubania ukiwa unasubiri.