Jua la Dodoma ni tele, vitamini D imepungua vipi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mdogo wangu wa kiume alipandikizwa figo miezi minane iliyopita, nami ndiye niliyemtolea. Tangu hapo ameugua UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, mara mbili, na majuzi kipimo cha damu kimeonyesha kuwa vitamini D yake ni nanogramu 14 kwa mililita. Jirani ametuletea vidonge vya uniti 50,000, akituambia tumpe kimoja kila siku ili maambukizi yakome. Je, ni kweli? Na mtu anapungukiwaje vitamini hiyo hapa Dodoma, penye jua karibu mwaka mzima?
Dada mtu, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole kwa kumuuguza. Vidonge hivyo msimpe kila siku. Viwekeni kando, mwende navyo kliniki.

Kiwango chini ya 20 wataalamu wengi hukihesabu kuwa upungufu, kwa hiyo kweli anahitaji tiba. Jua la Dodoma halimfai kitu asipolipata kwenye ngozi: aliyepandikizwa figo hushinda ndani akikwepa wenye mafua, na mwanga unaopenya kioo cha dirisha hausaidii, kwa kuwa kioo huzuia mionzi inayotengeneza vitamini hiyo. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani. Hata hivyo simshauri aote jua kutwa, kwani dawa za kushusha kinga huongeza hatari ya saratani ya ngozi, hasa kwa mwenye ualbino. Dagaa na mayai vina vitamini hiyo, lakini kwa upungufu wa kiasi hiki havitoshi peke yake.

Kuhusu maambukizi, jirani yenu hakubuni. Chembe za kinga hutumia vitamini D kutengeneza protini inayoua bakteria, hata kwenye kibofu, na tafiti kadhaa zimeona kuwa waliopandikizwa figo wenye upungufu huugua UTI na baadhi ya virusi zaidi ya wenzao. Tatizo ni kwamba anayeumwa mara kwa mara ndiye pia anayekaa ndani na kula kidogo, hivyo si rahisi kujua kipi kilitangulia. Na majaribio ya kuwapa wagonjwa vitamini hiyo hayajathibitisha kwamba maambukizi hupungua. Mtibuni upungufu kwa ajili ya mifupa yake, ambayo prednizoloni, mojawapo ya dawa za kushusha kinga, huidhoofisha, lakini chanzo cha UTI kitafutwe chenyewe.

Hapo ndipo ningependa mtie mkazo. Mwulizeni daktari kama mrija mdogo uliowekwa kwenye njia ya mkojo wakati wa upasuaji, kama uliwekwa, ulishatolewa, na kama kibofu kinabakiza mkojo baada ya kukojoa. Dalili zikirudi, mkojo uoteshwe maabara, ili bakteria waliomo wajulikane, kabla hajameza antibayotiki: ajisafishe, aache mkojo wa mwanzo upite, akinge wa katikati kwenye kikopo safi, na kikopo kifike maabara mapema. Takrolimasi na maikofenoleti asipunguze hata kidonge kimoja kwa kudhani anaokoa kinga yake, kwa maana ndizo zinazouzuia mwili usiikatae figo uliyompa.

Uniti 50,000 wagonjwa wengi hupewa mara moja kwa wiki, tena kwa wiki chache. Zikimezwa kila siku hulundikana mwilini, kalsiamu ikapanda, na mgonjwa huona kiu kali, choo kigumu na kutapika, huku figo ikiumia. Kwa aliyepandikizwa hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu tezi za parathairoidi, yaani tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu, zilizochochewa kwa muda mrefu na ugonjwa wa figo, mara nyingi huendelea kupandisha kalsiamu hata baada ya upasuaji. Kwa hiyo kalsiamu na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi) zipimwe kwanza, daktari wake apange dozi, na vitamini D ipimwe tena baada ya miezi mitatu hivi.

Akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, au maumivu pale ilipo figo mpya, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya kliniki. Nawe uliyebaki na figo moja, siku mtakayokwenda, upimwe presha na mkojo pia.