Usiuze simu kwa ajili ya jeshi
Kaka, umeuliza kama uuze simu ununue jeshi zima la Warhammer 40,000, ule mchezo wa vita wa mezani wa visanamu vya askari, kwa mkupuo, kabla bei haijapanda tena. Usiuze. Bei ya kisanduku inaonekana, lakini kinachowamaliza watu ni kanuni za mchezo kubadilika: toleo jipya lilitoka 2017, likaja jingine 2020, likaja tena 2023, na askari uliowanunua kwa jasho wanaweza kupungua nguvu mezani. Hapo bado hujalipia usafirishaji kutoka Uingereza na ushuru.

Sisi huku Ngamiani, Tanga, tunacheza Kill Team, toleo dogo la mchezo huohuo: askari kumi hivi kila upande, meza ya kulia chakula inatosha. Wangu nimewasimamisha juu ya vizibo vya soda, nikapaka gundi na kunyunyiza mchanga wa Raskazone (uoshe kwanza, una chumvi). Magofu ya kujificha askari mezani ni maboksi ya viatu. Kwenye rangi tu usibane. Ile ya nyumba ni nzito, inafunika mpaka macho ya askari. Tafuta akriliki, ichanganye na maji kidogo, upige mikono miwili myepesi. Njoo Jumamosi, nitakuazima kikosi changu cha pili.